Umefunga pampu ya mafuta ya umeme na gari la zamani bado linasumbua: tafuta chanzo kwa dalili

Malalamiko ni yale yale. "Nimefunga pampu mpya, gari linazima njiani." "Nawasha swichi, kimya." "Tangu nifunge hii pampu kabureta inatema mafuta." Na jibu ambalo wengi hulikimbilia nalo ni lile lile: pampu ni mbovu, ninunue nyingine. Mara chache ndivyo ilivyo. Kwenye magari ya kabureta niliyoyashika mimi, pampu yenyewe imekuwa mshukiwa wa mwisho. Mbele yake kuna waya mwembamba, ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari) iliyofungwa juu ya rangi, tangi lenye kutu, mpira uliochanika, na zaidi ya yote pampu nzuri iliyofungwa mahali pabaya.

Kwa hiyo ukichunguza, fuata mpangilio huu: umeme kwanza, kisha njia ya mafuta kutoka tangini hadi kwenye pampu, kisha kutoka pampu hadi kabureta. Pampu yenyewe iwe mwisho. Vifaa unavyohitaji ni vichache: multimita, geji ya presha inayosoma 0 hadi 15 psi (pauni kwa inchi ya mraba), galoni salama la petroli na tochi.

Kabla hujalala chini ya gari

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, bali unashuka na kutambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la kukagulia magari na kusubiri cheche. Fanya kazi nje au mahali penye hewa ya kutosha, wala usifungue njia ya mafuta gari likiwa juu ya shimo. Toa kichwa cha hasi cha betri kabla ya kufungua mpira wowote, na ukirudishe pale tu unapotaka kupima. Kizima moto cha unga au cha povu kiwe hatua mbili kutoka ulipo, si kwenye buti la gari lingine. Taa ya balbu ya kioo usiitumie kabisa, kwa sababu tone moja la mafuta baridi juu ya balbu ya moto linatosha kuipasua. Na gari likiinuliwa kwa jeki, liwekwe kwenye stendi kabla hujaingia chini.

Mfumo uliofungwa vizuri unavyokuwa

Huwezi kujua kilichokosewa kama hujui kilipaswa kuwaje. Mafuta yanatoka tangini, yanapita filta yenye matundu makubwa, yanaingia kwenye pampu, yanatoka kwenda filta laini, kisha regyuleta (kipunguza presha) kama inahitajika, ndipo kabureta. Pampu inakaa nyuma, karibu na tangi, kwenye usawa wa chini ya tangi au chini zaidi, juu ya mipira ya kuzuia mtikisiko, mbali na bomba la moshi. Pampu za umeme zimeumbwa kusukuma, kuvuta ni udhaifu wao. Ukiifunga mbele kwenye chumba cha injini kwa sababu ni rahisi kufikia, unailazimisha kunyonya mafuta mita 3 au 4 kupitia bomba jembamba, tena kwenye joto. Nusu ya matatizo utakayoyasoma hapa chini yanazaliwa hapo.

Upande wa umeme, waya mnene (mm² 2.5 unatosha kwa pampu za kabureta) unatoka chanya ya betri. Fyuzi inakaa karibu kabisa na betri, kisha waya unaingia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), mguu namba 30. Mguu wa 87 unakwenda kwenye pampu. Mguu wa 86 unapokea umeme kutoka swichi ya kuwashia, na wa 85 unakwenda ethi. Pampu nayo ina ethi yake, iliyobanwa kwenye chuma kilichokwanguliwa hadi king'ae.

Unawasha swichi, pampu kimya

Anza na fyuzi. Itoe, ipime kwa mita, usiitazame tu. Fyuzi nyingine hukatika pale pembeni ambapo jicho halioni.

Fyuzi ikiwa nzima, chanzo kinachofuata kwa wingi ni ethi. Weka waya mmoja wa mita kwenye teminali chanya ya pampu na mwingine kwenye hasi ya pampu hiyo hiyo, mtu mwingine awashe swichi. Ukisoma volti 12 na pampu haizunguki, kuna dalili ya pampu kufa. Ukisoma sifuri, hamisha waya wa hasi wa mita uguse chuma safi cha chasisi. Volti 12 zikitokea, umepata jibu: umeme unafika ila hauna njia ya kurudi. Fungua skrubu ya ethi, kwangua rangi na kutu, funga upya kwa washa yenye meno, kisha paka grisi kuzuia kutu isirudi.

Kama bado ni sifuri, nenda kwenye rilei. Sikiliza kama inalia "tak" swichi inapowashwa. Isipolia, pima mguu wa 86 na ethi ya mguu wa 85. Ikilia lakini mguu wa 87 hauna umeme, rilei imeungua ndani au mguu wa 30 haupokei kitu.

Hapa kuna kosa moja ambalo huwachanganya watu: pampu inanguruma ufunguo ukiwa mfukoni na inanyamaza ukiwasha swichi. Rilei ya miguu mitano ina mguu wa katikati ulioandikwa 87a, na huo huwa umeungana na 30 wakati rilei *haijapewa* umeme. Aliyefunga ameweka waya wa pampu hapo. Uhamishe kwenye 87. Fanya hivyo leo, maana pampu ya namna hiyo itamaliza betri na kusukuma mafuta usiku kucha.

Kama gari lina swichi ya kukata mafuta wakati wa ajali, angalia kitufe chake. Kikiwa kimeruka juu, kibonyeze. Inaweza kuruka hata kwa kugonga shimo kubwa barabarani.

Gari lililotengenezwa zamani sana lichunguze kitu kingine kabla ya yote. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi, na mengine ya zamani zaidi ni ya volti 6. Pampu ya kisasa yenye saketi ya kielektroniki ikiunganishwa kinyume inaweza kufa mara moja, na yenye mota itazunguka kinyumenyume. Soma maandishi kwenye pampu na utazame betri imefungwaje kabla ya kuunganisha waya wowote.

Pampu inanguruma lakini mafuta hayafiki

Swali la kwanza linaonekana la kitoto lakini liulize: tangi lina mafuta? Geji ya gari la zamani hudanganya. Chomeka kijiti safi uone.

Kisha angalia mshale kwenye pampu. Lazima uelekee kabureta. Pampu nyingi zina vali ndani, kwa hiyo ikigeuzwa italia vizuri tu bila kupitisha tone.

Mshale ukiwa sawa, chanzo cha kawaida kabisa ni hewa kuingia upande wa kuvuta. Upande huu una hila yake. Mpira ukichanika upande wa kusukuma utaona mafuta yanadondoka. Ukichanika upande wa kuvuta, huoni tone hata moja, kwa sababu pampu inanyonya hewa kuingia ndani na si mafuta kutoka nje. Mpira unaonekana mkavu na mzima. Ukunje taratibu kwa vidole pale unapoingia kwenye bomba la tangi: ukiona nyufa ndogondogo kama ngozi kavu ya kisigino, umempata mwizi. Badilisha kipande chote, usikate ncha na kurudisha. Nunua mpira wa mafuta ulioandikwa ubavuni SAE J30R9, kwa kuwa petroli yenye ethanoli hulainisha na kupasua mipira ya aina ya zamani. Mpira huo hautakiwi kuzamishwa ndani ya tangi. Wa ndani ya tangi ni aina nyingine, J30R10.

Chanzo kinachofuata ni filta ya kwanza iliyoziba, au chujio dogo la ndani ya tangi. Gari lililokaa miaka bila kutembea lina tangi lenye kutu na utomvu wa mafuta yaliyooza. Kama filta mpya inakuwa ya kahawia ndani ya siku mbili, usiendelee kununua filta. Tangi lishushwe lisafishwe.

Na hapa nasimama kabisa: *usichomelee tangi na usiruhusu mtu alichomelee gereji ya mtaani, hata kama limekaa wazi wiki nzima na limeoshwa kwa sabuni.* Mvuke uliojificha kwenye mikunjo ya bati unatosha kulipua. Kazi hiyo ni ya wataalamu wa matangi wenye vifaa vya kuondoa mvuke wote kwanza.

Mwisho, pampu yenyewe inaweza kuwa imechakaa kwa kukaushwa. Mafuta ndiyo yanayoipoza na kuilainisha, na pampu ya kuzunguka ikiendeshwa kavu kwa dakika kadhaa hujikwangua ndani. Ndiyo maana siku ya kwanza unawasha swichi kwa sekunde chache, unazima, unarudia, hadi usikie sauti ikibadilika kuwa nzito. Hapo mafuta yamefika.

Gari linawaka vizuri, halafu linakohoa na kuzima

Hii ndiyo iliyonifundisha kutanguliza mita. Gari la silinda 4, kabureta safi, pampu mpya. Likipigwa stata linawaka mara moja, linanguruma vizuri, ukiondoka linakwenda hatua chache linaanza kukohoa. Nilibadilisha filta zote mbili. Nikabadilisha pampu. Halikubadilika kitu. Siku ya tatu ndipo nilipolala chini na mita: betri ilisoma 12.4, na kwenye teminali za pampu inayonguruma nilisoma 8.1. Zaidi ya volti 4 zilikuwa zinapotelea njiani. Nilifuata waya hadi chini ya boneti, nikakuta umeunganishwa kwenye chanya ya koili, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi.

Kwenye magari mengi ya zamani, umeme wa koili hupita kwanza kwenye kizuizi, ama kipande cha kauri kilichofungwa karibu na koili au waya maalumu wenye ukinzani. Ukipiga stata, kizuizi hicho hurukwa ili koili ipate nguvu yote ya betri. Ukiachia ufunguo, kinarudi kazini. Ndiyo maana gari linawaka vizuri halafu linachoka. Na madhara ni mara mbili: pampu inapata volti pungufu, na koili nayo inanyang'anywa umeme wake, cheche zinadhoofika na injini inaanza kumisi. Mtu anabadilisha plagi na disitributa bure.

Dawa ni kutoa waya huo kwenye koili kabisa. Pampu ipate umeme wake kutoka betri kupitia rilei, na mguu wa 86 uchukue ishara kutoka mahali panapopata volti 12 kamili swichi ikiwa imewashwa *na pia* wakati wa kupiga stata. Pima hali zote mbili. Nyaya nyingine, kama ya redio, hukatwa stata inapopigwa. Ukizitumia utapata kinyume chake, yaani pampu inanyamaza wakati wa stata na gari linawaka kwa bahati ya mafuta yaliyobaki kwenye kibakuli cha kabureta. Nilipohamishia gari lile kwenye rilei, mita ilisoma 13.6 kwenye pampu injini ikiwa inafanya kazi, na tatizo likaishia hapo.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na kingeniokolea pampu nzima. Pampu ikiwa inafanya kazi, soma volti kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye teminali za pampu. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna waya mwembamba au kiungio kibovu. Usipime pampu ikiwa imechomolewa, kwa sababu bila mkondo kupita hata waya wenye kutu utaonyesha volti 12. Kiungio chenye ukinzani wa Ohm 1 tu, kwa pampu inayotumia ampea 4, kinakula volti 4. Nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu ndizo hufika huko ndani ya miezi michache, hasa chini ya gari ambako maji na matope hayakosi. Tumia viungio vya kubana kwa koleo lake, uvifunike kwa mpira wa kusinyaa kwa joto.

Linazima baada ya kutembea kitambo, likipoa linawaka

Fungua kifuniko cha tangi mara tu linapozima. Ukisikia hewa ikivutwa "fsss", tundu la kupumulia limeziba. Pampu imenyonya mafuta, hewa haijaingia kujaza nafasi, tangi limekuwa na mvuto unaoshindana na pampu. Safisha tundu au badilisha kifuniko. Hili hutokea sana pale mtu anapofunga kifuniko kilichotengenezwa kwa gari jingine.

Kama hakuna mvuto, fikiria mvuke. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye joto la karibu nyuzi 35 hadi 40, na upande wa kuvuta, ambako presha imeshuka, huchemka mapema zaidi. Pampu ikijaa mapovu haina cha kusukuma. Ndiyo maana pampu iliyofungwa kando ya injini, au bomba linalopita sentimita chache kutoka bomba la moshi, hufanya kazi asubuhi na kukataa mchana. Hamishia pampu nyuma, sogeza bomba, au weka kinga ya bati kati ya bomba na joto. Kumwagia maji pampu njiani kutakufikisha nyumbani, lakini chanzo kitabaki pale pale.

Uchafu unaoelea tangini nao hufanana na hili. Unavutwa hadi mdomo wa bomba, unaziba, gari linazima. Likisimama dakika 10 uchafu unaanguka, gari linawaka. Kitofautishi ni kwamba joto halihusiki: linaweza kuzima hata asubuhi yenye baridi.

Linakwenda vizuri polepole, likipanda mlima linakata

Hapa unapima wingi. Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze ndani ya galoni lililowekwa chini ardhini, mbali na injini. Chomoa waya wa koili ili cheche isitokee. Endesha pampu kwa kuunganisha miguu ya 30 na 87 kwenye soketi ya rilei kwa waya wenye fyuzi, na muunganisho huo ufanyike mbali na galoni. Hesabu sekunde 60. Injini ya ukubwa wa kawaida ikinywa sana haimalizi lita moja kwa dakika, kwa hiyo ukipata lita moja, pampu haina kosa. Ukipata chini ya nusu lita, rudi nyuma: volti, filta ya kwanza, mpira wa kuvuta, chujio la tangi, kwa mpangilio huo.

Mkondo ukitoka umejaa mapovu, soma tena sehemu ya hewa upande wa kuvuta.

Wingi ukiwa mzuri na gari bado linakata, acha pampu. Tazama jeti za kabureta na taimingi.

Harufu ya petroli, moshi mweusi, kabureta inafurika

Zima. Usijaribu kulitembeza "taratibu hadi kwa fundi". Mafuta yanayodondoka juu ya injini ya moto huwa moto wa gari zima kwa dakika chache.

Chanzo kinachoongoza ni presha kubwa mno. Ndani ya kabureta kuna vali ya sindano inayofungwa na floti (boya dogo linaloelea kwenye mafuta), na floti ina nguvu ndogo tu ya kusukuma. Kabureta za SU hutosheka na takribani 2 hadi 3 psi, Weber nyingi 3 hadi 3.5, na zile kubwa za Marekani zenye midomo minne 5 hadi 7. Fuata kitabu cha kabureta yako. Pampu ya gari la injekta hutoa 40 psi na zaidi, na *hiyo isifungwe kabisa kwenye kabureta kwa sababu tu ilipatikana kwa bei nafuu.* Unganisha geji karibu na kabureta, washa swichi bila kuwasha injini, soma. Presha ikizidi, funga regyuleta, au tafuta pampu ya presha ndogo. La pili ni bora, maana kifaa kinachopungua ni kiungio kinachopungua.

Presha ikiwa sawa, chanzo cha pili ni uchafu uliokwama chini ya sindano. Ukifungua mabomba ya miaka 40, vumbi la kutu linasafiri mbele, na gari huanza kufurika siku ile ile pampu ilipofungwa. Safisha kibakuli na sindano, na uweke filta laini kati ya pampu na kabureta kama haipo. Baada ya hapo tazama sindano iliyochakaa na floti iliyotoboka: itikise sikioni, ukisikia mafuta yanacheza ndani, imekwisha.

Kama gari lilifurika likiwa limeegeshwa, pengine tangi lilikuwa juu kuliko kabureta na mafuta yakatiririka yenyewe. Toa plagi zote kabla ya kupiga stata, uhakikishe hakuna cheche karibu. Petroli haibanwi, na silinda iliyojaa inaweza kupinda konrodi (mkono wa pistoni) kwa mzunguko mmoja wa stata.

Pampu inapiga kelele

Pampu ya sumaku hugonga "tiki tiki tiki" haraka, kisha hupunguza kasi au kunyamaza kibakuli kinapojaa. Ikiendelea kugonga kwa kasi injini ikiwa imezimwa, ama inavuta hewa, ama mafuta yanatoroka kupitia sindano ya kabureta. Pampu ya mota hunguruma mfululizo, na ngurumo hiyo ikipanda kuwa mluzi, inakosa mafuta. Ikiwa sauti ni nzito na inatetemesha sakafu tangu siku ya kwanza bila dalili nyingine, ni mipira ya kufungia tu haipo au imebanwa mno.

Fyuzi inaungua, au waya unapata moto

Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi ndiyo inayokatika badala ya waya kuwaka, na waya huo unapita kando ya tangi. Tafuta kwanza pale unapopita kwenye tundu la bati bila mpira wa kukinga, maana ukingo wa bati hukata ngozi ya waya taratibu. Kisha angalia kama pampu imekwama kwa uchafu: ikichomolewa na fyuzi ikakaa, pampu ndiyo inayovuta mkondo mwingi. Ukikuta waya ulioyeyuka ngozi ndani ya shada la nyaya nyingine, simamisha kazi na umpe fundi umeme wa magari, kwa kuwa nyaya za jirani nazo zimeshaathirika bila kuonekana.

Oili inanuka petroli au imepanda kwenye kijiti

Hili huwapata walioacha pampu ya zamani, ile inayoendeshwa na injini, mahali pake na kupitisha mafuta ya pampu mpya ndani yake. Dayaframu yake (utando unaosukuma mafuta) iliyochakaa inapasuka, na pampu ya umeme inasukuma petroli moja kwa moja ndani ya injini. Oili inakuwa nyepesi kama maji, na mvuke unajaa mahali ambapo cheche moja inatosha. Usiwashe injini. Mwaga oili, badilisha na filta yake, toa pampu ya zamani, ziba tundu lake kwa bati nene na gasketi, na upitishe mafuta njia mpya. Kama gari limetembea umbali wowote hivyo, beringi zikaguliwe na fundi kabla ya safari.

Dalili ambayo hakuna anayeilalamikia

Pampu ya zamani ilikuwa na usalama wake wa asili: injini ikisimama, nayo inasimama. Ya umeme haina habari. Gari likigonga, bomba likikatika, injini ikazima huku swichi ikiwa imewashwa na dereva amezimia, pampu itaendelea kumwaga mafuta kwenye ekzosi yenye moto mpaka tangi liishe. Nimekagua magari mengi yaliyofungwa kwa unadhifu, nyaya zimepangwa vizuri, na kikatio cha kuzima pampu injini inaposimama hakipo. Mwenye gari halalamiki kwa sababu hakuna kinachomsumbua.

Chagua njia moja, au mbili kwa pamoja. Rilei inayosoma mapigo ya koili, yenye waya unaokwenda kwenye hasi ya koili, hukata pampu mapigo yakikoma. Swichi ya presha ya oili huruhusu umeme upite tu injini ikiwa na presha, na huhitaji waya wa pili kutoka stata ili pampu ipate umeme wakati wa kuwasha. Swichi ya mgongano hukata kwa kishindo, ila haitajua injini ikizima bila ajali, kwa hiyo ikikaa peke yake haitoshi. Kama hujawahi kufunga rilei, hii ndiyo sehemu ya kumlipa fundi umeme hata kama kazi nyingine zote umefanya mwenyewe.

Ukimaliza, jaribu. Gari likiwa limesimama mahali tambarare bila mtu mbele, liwashe, kanyaga breki, ingiza gia ya juu na uachie klachi hadi injini izime. Acha swichi ikiwa imewashwa, toa gia, teremka, inama karibu na tangi na usikilize. Ndani ya sekunde chache pawe kimya. Pampu ikiwa bado inanguruma, chomoa fyuzi yake, na gari lisitoke hapo mpaka kikatio kifanye kazi.